Kabari ya Chapchap

Jina lisikudanganye. Huyu tunayemwita Chapchap hatembei chapchap hata kidogo. Alipewa jina hilo zamani, alipokuwa anamaliza kupiga deki ghorofa nzima sisi wengine bado tunajaza ndoo. Siku hizi anapanda ngazi kwa kushika ukuta, na akifika juu anasimama kwanza, anavuta pumzi, ndipo anauliza fagio liko wapi.

Tunafanya usafi kwenye jengo la ofisi, mimi na yeye, ghorofa ya tatu. Kila mlango mle una mkono wa chuma juu, ukiuachia tu unajifunga. Aliyebuni kitu kile hakuwahi kubeba ndoo mbili, naapa. Unausukuma kwa kiuno, unapita, unakufuata na kukutandika mgongoni, na maji yanamwagika palepale ulipokwisha kausha. Kuuzuia kwa ndoo au kiti msimamizi hataki, anasema wageni watajikwaa. Ndiyo maana Chapchap ana kabari yake: kipande cha mbao kilichochongwa kikawa chembamba upande mmoja, chini amebandika soli ya kandambili isiteleze. Anaisukuma chini ya mlango kwa ncha ya kiatu, mlango unatulia. Anapiga deki, anaichomoa, anakwenda mlango wa pili. Milango kumi na saba, kila siku ya kazi, mwaka wa kumi na nne huu.

Jioni kabari hiyohiyo ina kazi nyingine nyumbani, na huko ni ya kufunga. Chapchap anaishi na mama yake mzazi, ambaye kumbukumbu zimemwacha. Mchana jirani, fundi cherehani, anakaa naye mpaka saa kumi na nusu, Chapchap anaporudi. Ikifika saa kumi na moja mama anainuka, anataka kutoka. Kila siku ya Mungu. Komeo analifungua, ufunguo hata ukiuficha anauona. Kabari tu ndiyo inamshinda, maana mgongo haumruhusu kuinama aichomoe.

Mwaka jana, kabla kabari haijaanza kwenda nyumbani, mama alitoka mara moja. Alipatikana siku ya pili, mtaa wa mbali, nyayo zimechanika, hata jina lake halijui. Chapchap alikonda mpaka sare ikawa inamvuka. Akaniambia, "Akitoka tena, simpati mzima." Nami nilimwamini.

"Si uchonge nyingine?" nilimwambia mara mia. "Moja ya kazini, moja ya nyumbani."

"Nikiwa na mbili nitazisahau zote mbili," akanijibu. "Hii moja naijua."

Sasa sikia ujinga wangu. Alhamisi moja niliiazima nizuie mlango wa stoo nikiingiza maboksi ya sabuni. Nilipomaliza nikaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni yake iliyokuwa imetundikwa. Aproni zetu zote ni za bluu, na zote tunazitundika msumari mmoja. Saa kumi kamili akaniuliza, "Kabari umerudisha?"

"Iko mfukoni mwako, nenda zako, dada."

Tena kwa kujiamini! Akaikunja aproni, akaitia kwenye mkoba. Siku zote hupapasa mfuko kwanza. Siku ile hakupapasa, kwa sababu alikuwa hoi, mama hakumpa usingizi usiku wa kuamkia siku hiyo. Na kwa sababu aliniamini mimi, kichwa maji.

Nilivaa aproni yangu nimalizie vyoo, kitu kikanigonga paja. Nikaingiza mkono. Jamani! Kabari hii hapa. Niliacha ndoo katikati ya korido, msimamizi akaniita, sikugeuka. Kwake ni mwendo wa nusu saa. Nilikwenda nusu nikikimbia na nusu nikijitukana, magoti yananiuma, na saa kumi na moja ilinikuta njiani.

Nilipomaliza ngazi nikaona mlango wao uko wazi, wazi kabisa. Nikasema basi, nimeua mtu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda pale kizingitini. Mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu. Kandambili ya pili ilikuwa imesukumwa chini ya mlango, imekaza, mlango umetulia kama wa kule kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiguse hiyo," akasema, akionyesha kandambili. "Mlango huu unajifunga, na mwanangu hajarudi shuleni. Atakuta pamefungwa."

Nikachungulia ndani. Chapchap alikuwa kwenye kiti, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, aproni tupu mapajani, amelala fofofo.

"Na yule ni nani, mama?"

"Simjui. Kila jioni ananifungia, namwambia mtoto yuko nje, hanisikii." Akashusha sauti. "Lakini mwache alale. Amechoka sana yule, maskini."

Chapchap alikuwa amefumbua macho. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alitazama mlango, akamtazama mama yake, akaniona mimi na kabari mkononi. Nikafungua mdomo niombe msamaha, akaniashiria ninyamaze. Akavaa kiatu, taratibu, kama mtu anayeanza zamu nyingine. Akapita kando ya kigoda, akanipita na mimi, akashuka ngazi mpaka chini. Nilimsikia akisimama huko na kupenga kamasi. Halafu akaanza kupanda, ameshika ukuta.

"Hodi, mama. Nimerudi."

Mama alimwangalia usoni kwa muda mrefu.

"Umechelewa."

"Nimechelewa, mama. Nisamehe."

"Siku zote hizi nakusubiri! Haya, ingia. Umekula?"

Akainuka kwa shida, akaivuta kandambili kwa vidole vya mguu, akaivaa. Mlango ukaja wenyewe, naye akaubana kwa mkono wake na kutia komeo. Nikabaki korido peke yangu. Nilingoja, labda mama ataufungua tena atoke, lakini wapi. Nikasikia vikombe, na mama akigomba kuhusu sare chafu.

Nikagonga taratibu. "Dada, kabari yako nimeileta."

"Kaa nayo," Chapchap akajibu kutoka ndani. "Utanipa kesho kazini."