Veni ya Dorca Isiyojua Kurudi Nyuma

Dorca alibeba mizigo ya watu kwa miaka sita kabla hajawaza kununua gari. Alianza na bahasha. Watu wa Kisumu wenye jamaa Kombewa walijua kwamba kila Jumanne na Ijumaa anapanda basi kwenda huko, wakampa apeleke barua, dawa, miwani ya mzee iliyotoka kutengenezwa. Mizigo ikanenepa. Siku utingo alipomkatalia kupanda na cherehani mbili na godoro, alishuka, akaketi juu ya cherehani moja palepale steji, akaamua. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na tisa.

Mumewe Gordon alikuwa mwalimu wa hesabu. Maisha yake yote aliendesha baiskeli, lakini alikuwa amesoma kitabu kuhusu magari.

"Usiwe na wasiwasi, Mama Elsie," alisema. "Gari kuukuu linanunuliwa kwa kichwa." Akaandika katika daftari maswali thelathini na mawili.

Muuzaji aliitwa Khaemba, mtu mnene, mcheshi, mwenye uwanja wa pikapu na veni kuukuu karibu na soko la Kibuye. Viatu vyake vya ngozi viling'aa hata siku za mvua. Veni aliyowaonyesha ilikuwa nyeupe, zamani ya kusambaza mikate. Ndani bado ilinukia siagi. Nyingine zote zilikuwa zimepangwa ukutani. Hii ilisimama peke yake katikati, pua ikitazama barabara.

"Mbona hii imetengwa?" Dorca aliuliza.

"Mama, huyu ni chifu. Chifu anapangwa foleni na raia?"

Gordon akaanza kazi. Aliwasha taa, akazima. Aliwasha wipa, akazihesabu. Alilala chini ya injini na suruali yake ya darasani, akatoka na oili kwenye paji la uso, akapiga kila gurudumu mateke mawili. Swali la thelathini na mbili lilihusu honi. Honi ikalia vizuri. Dorca akakamata usukani. Kuendesha alifundishwa na sista wa misheni ambako yeye Dorca aliwahi kuwa mpishi, sista aliyekata kona kama mtu aliyekwisha kusamehewa. Wakaenda hadi Kondele, wakazunguka, wakarudi. Veni ilivuta kama ng'ombe wa jembe. Wakainunua.

Ijumaa iliyofuata Dorca akapeleka makochi mapya Kombewa, kwa Mzee Oduor, ambako wakwe walikuwa wamekuja kuzungumza mahari ya binti. Boma lilizungukwa na ua wa miti, mlango wake mwembamba, na ndani viti vya wageni vilijaa kila mahali. Mazungumzo yalikuwa yamekwama tangu asubuhi. Upande wa bwana harusi ulisema ng'ombe wanane. Upande wa Oduor ulisema kumi na wawili na kukunja mikono. Dorca akapenya, akasimama pua kwa pua na ghala la mahindi. Makochi yakashushwa. Akapanda, akavuta gia ya kurudi nyuma.

Gia ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Akajaribu tena. Veni ikaruka mbele, ghala likasema kwaa.

"Mama, unaelekea wapi?" aliuliza Mzee Oduor.

"Nyumbani, Mzee."

"Nyumbani kwako ni ndani ya ghala langu?"

Alijaribu mara tano, jasho likimtiririka mgongoni. Mwishowe wazee wakainuka na makoti yao ya heshima. Mjomba wa bwana harusi akashika taa ya kushoto, kaka yake Oduor akashika ya kulia, wengine katikati, wakaanza kuisukuma nyuma kuelekea mlangoni, na palikuwa na mwinuko.

"Tisa!" mjomba akafoka, mishipa imemtoka.

"Kumi na moja! Sukuma, omera, ndugu yangu!" kaka yake Oduor akajibu.

"Kumi!"

"Kumi na fahali!"

"Haya, fahali! Inanirudia, shikeni!"

Veni ilipotoka mlangoni, mahari ilikuwa imekwisha kukubaliwa, na wale waliokuwa hawatazamani walikuwa wakipanguzana vumbi mabegani. Walimshukuru Dorca kana kwamba alipanga. Yeye aliendesha hadi Kisumu ameuma meno.

Jumamosi asubuhi akamkabili Khaemba. Gordon alisimama nyuma yake na daftari.

"Umeniuzia gari isiyorudi nyuma!"

"Mama Elsie, uliuliza kama inaenda. Haiendi?"

Dorca akamgeukia mumewe. "Swali la rivasi ni la ngapi?"

Gordon akafungua kurasa polepole. "Kitabu," alisema, "kilidhani ni jambo la kawaida."

Hapo Khaemba akaketi juu ya tairi, akacheka hadi machozi, kisha akakiri. Yeye mwenyewe aliinunua hivyo hivyo. Kwa miaka miwili hakuwahi kuegesha mbele ya ukuta. Alijua kila mahali pa kuzungukia kuanzia Kisian hadi Awasi, na mashemeji zake aliacha kuwatembelea kwa sababu boma lao lina mlango mmoja.

"Basi utanitafutia giaboksi," Dorca alisema. "Na mpaka uipate, kila safari unaenda na mimi. Wewe ndiye rivasi yangu."

Khaemba alidhani ni mzaha. Jumatatu Dorca alimpigia honi mlangoni kwake hadi mkewe akamsukuma nje. Akasukuma Kombewa, akasukuma Kisian. Siku ya Awasi mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Veni ikatoka kwenye tope, kiatu kimoja cha ngozi hakikutoka. Walikitafuta kwa jembe, bila mafanikio.

Kesho yake giaboksi ilipatikana. Hemedi, fundi wa Kaloleni, aliifunga kwa siku mbili, na siku ya tatu akamkabidhi Dorca ufunguo. Dorca hakugeuza gari. Aliweka rivasi, akatoka gereji kinyumenyume, akapita msikiti, wauza maandazi na mama wa makaa, shingo nje ya dirisha, akicheka peke yake kama kichaa. Gordon alikimbia nyuma ya veni akipunga mikono, "Kuja, kuja, kuja!" Watoto wakamfuata wakiimba neno lilo hilo, na mama wa makaa alikuwa ameyasogeza magunia yake mapema.