Mikono Iliyoganda Kwenye Kioo

Mwanamke huyu anaishi kwa kazi ya mikono, lakini si mshonaji wala msusi. Ni mkalimani wa lugha ya alama. Mahakama na hospitali humpigia kwa video: kiziwi upande mmoja wa kioo, mwenye mamlaka upande wa pili, naye katikati, ameketi katika chumba cha nyuma ambacho ukuta wake ameupaka rangi iliyofifia ili vidole vyake vionekane vizuri. Mtaani wanamwita Vidole, na jina hilo analipenda.

Asubuhi ninayoisimulia, Vidole alikuwa amepiga magoti chini ya meza, simu begani, akichomoa na kuchomeka nyaya. Mchana alitakiwa kumkalimania seremala kiziwi aliyekuwa akipigania kubaki na binti yake. Mke wa seremala alikuwa amefariki, na mama mdogo wa mtoto alifungua shauri ili amchukue, kwa hoja kwamba baba asiyesikia hawezi kujua mtoto akilia. Hoja ya namna hiyo ilistahili kukomea mlangoni mwa mahakama. Haikukomea. Tena katika kikao kilichotangulia picha iliganda kila seremala alipojibu. Vidole alimwona ameinua mikono hewani tu, asipate cha kutafsiri, na hakimu, kwa kutosikia jibu, akaandika kwamba seremala anakwepa maswali. Akaonya kwamba mtandao ukikwama tena, ataamua kwa kusoma makaratasi peke yake, na makaratasi karibu yote yalikuwa ya upande wa mama mdogo.

"Dada, hapa naona spidi yako iko vizuri kabisa," alisema mhudumu wa kampuni ya mtandao.

"Sijalalamikia spidi. Nalalamikia pakiti. Zinapotea njiani."

"Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Nimezima na kuwasha mpaka kifaa kimenichoka. Kaka yangu, bomba linaweza kutoa maji kwa nguvu na bado likawa limetoboka. Nitumie fundi."

Alikuwa anajua anachokisema. Mtandao haubebi picha ikiwa nzima. Huikata vipande vidogo viitwavyo pakiti na kuvituma kimoja kimoja. Vipande vichache vikipotea, anayesikiliza muziki huenda asitambue. Lakini kwa mtu ambaye sauti yake ni mikono, kila kipande kilichopotea ni neno alilonyang'anywa. Kampuni inayopima kasi tu, kisha ikamwambia mteja kwamba hana tatizo, haijampima. Imemfukuza kwa adabu.

Akaunganisha kompyuta na ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao nyumbani, kwa waya, ili waifai isisingiziwe. Akaiamuru kompyuta itume pakiti ndogo kwenye ruta na kusubiri majibu. Zote zilijibiwa. Akazituma mbali zaidi, nje ya nyumba. Zote zilijibiwa pia, na hilo ndilo lililomtia baridi. Ugonjwa ulikuwa unajificha.

Fundi alifika jua likiwa limeshapanda. Aliingiza kipimo chake kwenye ncha ya waya mwembamba unaoleta mtandao kutoka nje kwa mwanga, akakitazama, akatikisa kichwa.

"Mwanga unafika safi, mama. Labda kompyuta yako."

"Kikao kilichopita nilitumia ya kuazima. Iliganda vilevile."

"Basi labda mahakama."

"Hospitali nayo? Na ofisi ya ardhi? Wote wameugua siku wanayonipigia mimi?"

Fundi akacheka kidogo, akakunja vifaa vyake, akaondoka. Kwenye simu ya Vidole ukaingia ujumbe wa kampuni: tatizo lako limetatuliwa, asante kwa kutuamini. Alitamani kuirusha simu.

Nyumba hiyo ilikuwa na mlinzi wa kimya. Mama mkwe, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, alijua kwamba ng'ambo ya uchochoro kuna karakana ya mchomeleaji, na kwamba msumeno wa kukatia chuma ukianza kulia mkwewe hasikii kitu. Kwa hiyo kila kikao kilipoanza, alizunguka nyumba nzima akifunga madirisha. Hakuna aliyemtuma. Ndiyo heshima aliyoichagua kuitoa kwa kazi ya mke wa mwanawe.

Mchana ukafika. Hakimu alionekana kwenye kioo, na pembeni yake seremala, shati limepigwa pasi, mikono juu ya magoti. Kwenye kona ya kioo Vidole alikuwa ameacha kipimo chake kikiendelea kutuma pakiti.

"Mkalimani, tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, Mheshimiwa."

"Muulize: mtoto akilia usingizini, atajuaje?"

Vidole aliuliza. Mama mkwe akaingia kwa kunyata, akasukuma dirisha, komeo likauma: kach. Seremala akainua mikono kujibu.

Ikaganda.

Kwenye kona, mistari ikaanza kushuka: hakuna jibu, hakuna jibu. Taa ya ruta ikawa nyekundu. Macho ya Vidole yaliufuata ule waya wa mwanga kutoka kwenye ruta, ukipanda ukutani hadi pembeni mwa fremu ya dirisha, na hapo akauona umebanwa mpaka umelala bapa. Siku ya kufungiwa mtandao, fundi wa kwanza alisema kutoboa ukuta si kazi yake, akaupitisha dirishani. Asubuhi nzima Vidole alikuwa amepima mtandao dirisha likiwa wazi, kwa kuwa kupima hakuhitaji kimya. Na yule fundi wa leo alipima hivyo hivyo. Ni kazi peke yake iliyolikuta limefungwa.

Aliruka, akalifungua. Taa ikarudi kijani. Msumeno nao ukaingia, ukajaa chumbani.

"Mheshimiwa, naomba swali lirudiwe. Hitilafu ni ya kwangu, si ya shahidi."

Midomo ya hakimu ilicheza. Vidole hakusikia hata neno. Akazima kipaza sauti chake.

"Mbona umefungua?" mama mkwe alishangaa.

"Likifungwa picha inakufa, mama!"

"Sasa unataka picha au unataka kimya?"

"Vyote!"

"Basi ngoja nikamkalie yule mchomeleaji."

Punde sauti yake ilisikika uchochoroni. "We mwanangu! Zima hicho kidude! Mkwe wangu yuko mahakamani!"

"Mahakamani wapi, mama? Si namuona dirishani?"

"Ndiyo hiyo hiyo! Zima!"

Msumeno ukafa. Vidole akawasha kipaza sauti.

"...mara ya mwisho, mkalimani," hakimu alikuwa akisema. "Ajibu sasa, au nifunge."

Seremala alijibu, na mikono yake ikafika yote. Kitanda cha binti yake alikiunganisha na chake kwa ubao mmoja mrefu. Mtoto akilia au akigeuka vibaya, ubao hutikisika ubavuni mwake, naye huamka kabla ya jirani mwenye masikio.

Hakimu aliinua uso. "Na ubao ukivunjika?"

Seremala alimtazama kana kwamba hajaelewa swali. "Mimi ni seremala," akajibu.

Yaliulizwa mengine, na hakuna jibu lililopotea. Mwishoni hakimu aliagiza maneno ya kukwepa maswali yafutwe kwenye kumbukumbu, akaamua kwamba mtoto atabaki kwa baba yake.  Seremala alifunika uso kwa viganja vyote viwili, akabaki hivyo, na mara hii haikuwa picha iliyoganda.

Nje, mama mkwe alikuwa bado ameketi juu ya geti la mteja ambalo mchomeleaji alikuwa akilikata, mikono kifuani.

"Dada, mkomboe mtu!" mchomeleaji alilia. "Nimewekwa rumande kwenye karakana yangu!"

Vidole alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaipigia kampuni.

"Hapa naona spidi yako iko vizuri—"

"Najua. Safari hii msinitumie mtu wa kupima. Nitumieni mtu mwenye keekee, atoboe lile tundu mlilokataa kulitoboa."