Mdomo wa Daktari

Nilikuwa mkalimani wa mahakama pale Mbeya, kwenye boma la serikali. Baba yangu alikuwa Mnyakyusa, mama Mhehe wa Iringa, na nilikulia Uyole katikati ya Wasafwa, kwa hiyo lugha zilinijia bila kuzitafuta. Bwana Shauri, yule ofisa wa serikali aliyeamua kesi, alikaa mezani, mlalamikaji upande huu, mshtakiwa upande ule, mimi katikati nikibeba maneno ya watu.

Siku moja lilikuja shauri la mahari. Mke alikuwa amefariki akijifungua, na baba yake alikuwa akibishana na mkwewe juu ya ng'ombe. Yule kijana mjane alisema kwa Kisafwa, "Damu ilitoka tangu asubuhi mpaka jua likazama." Nikatafsiri. Bwana Shauri akauliza, "Na ng'ombe walikuwa wangapi?" Nikatafsiri hilo pia. Hakuna aliyeuliza damu ile ilitoka kwa nini, na mimi mwenyewe nisingeweza kujibu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba naacha kazi ya boma, nakwenda kusomea utabibu.

"Utabibu gani, baba watoto? Wewe sayansi uliisoma wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Sayansi niliyofundishwa shuleni ilikuwa kunawa mikono na kuchimba choo mbali na kisima. Nilikwenda hospitali ya serikali, na daktari wa pale hakuniruhusu hata kukaa. "Kemia umesoma? Hapana? Basi, rudi mahakamani."

Nikasikia kwamba kuna hospitali ya misheni upande wa Iringa inayofundisha matabibu wasaidizi. Nilimwacha mke wangu na watoto kwa wazazi wake, Iyunga, nikapanda basi. Nilishuka Iringa nikiwa mweupe kwa vumbi, nikapokewa na mjomba wangu wa Kihesa, naye akacheka mpaka akakaa chini. "Mtu mzima na ndevu zako, unakwenda kukaa dawati moja na vijana!"

Daktari wa misheni, Mzungu mrefu aliyezungumza Kiswahili cha kuchechemea, hakuniuliza habari za kemia. Aliuliza, "Unajua lugha ngapi?" Nikamtajia. Akasimama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilifurahi kama mjinga. Nilidhani nimepokelewa kusoma.

Masomo yalikuwa asubuhi, na mwalimu wetu alikuwa sista mkuu wa wauguzi, mwanamke mkali mwenye mwandiko mzuri ubaoni. Wenzangu darasani walikuwa vijana waliotoka shule juzi. Siku ya somo la moyo, sista alichora vyumba vyake, akaanza kutuonyesha damu inavyoingia. Nilikuwa nimeinamia karatasi yangu kwa bidii zote. Mlango ukagongwa.

"Bwana Mkalimani, daktari anakuita."

Nikaenda. Mama mmoja wa Kisangu alikuwa na kikohozi, na alieleza kikohozi chake kuanzia harusi ya dada yake. Niliporudi, ubao ulikuwa umefutwa.

Ikawa ndiyo desturi. Tukianza mifupa, naitwa. Tukianza kupima dawa, naitwa. Nikishika sindano niijaribu, mtu anachungulia, "Bwana Mkalimani!" Nilikuwa na jina langu, nililoliandika siku ya kwanza kwa herufi kubwa, lakini hakuna aliyelitumia. Nilijaribu kuazima madaftari ya wale vijana. Waliandika kwa kufupisha maneno hata wao wenyewe wakashindwa kuyasoma.

Mtihani ulipofika, nilishindwa vibaya. Sista aliniita ofisini, akaweka karatasi yangu mezani, akaigusa kwa kalamu.

"Nieleze. Kwa nini moyo wako hauna mlango wa kutokea? Damu inaingia, inaingia, halafu inakwenda wapi?"

"Sijui, Sista. Niliitwa ilipokuwa bado inaingia."

Hakucheka. Mimi pia sikukusudia kumchekesha.

Jioni daktari alinikuta uani, akanipiga begani. "Usihuzunike. Hata ukishindwa tena, hapa kazi ipo. Wewe mdomo wangu."

Nilihisi joto linanipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimeacha mshahara wa serikali na nyumba ya bati, nimewaacha watoto wangu Iyunga, nimechekwa Kihesa nzima, ili niwe kile kile nilichokuwa.

"Daktari," nikasema, "mdomo nilikuwa nao Mbeya. Sikuja huku kuuleta. Kuanzia kesho, nikiwa darasani sitoki."

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa wana ndugu zao."

Asubuhi yake mlango uligongwa kama kawaida. Sista, bila kugeuka kutoka ubaoni, akasema, "Yuko darasani." Punde tukasikia viatu vikubwa vya daktari mwenyewe. Alisimama mlangoni akiwa amekunja uso. Kulikuwa na mzee wa Kihehe mwenye maumivu ya tumbo, na daktari haelewi neno lake hata moja.

"Amekuja na nani?" nikauliza nikiwa nimekaa.

Alikuja na binti yake. Binti aliuza mboga mjini, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha daktari. Baadaye niliambiwa kwamba alieleza yote: maumivu yalianza lini, baba yake alikula nini, na dawa gani za kienyeji alizokunywa akamficha kila mtu. Mzee asingeniambia mimi hayo, mgeni mwenye kola. Badala ya kufurahi, nilikasirika upya. Wagonjwa karibu wote walikuja na mtu, na mwaka mzima hakuna aliyefikiri kumuuliza huyo mtu, hata mimi.

Nilirudia mtihani, nikafaulu, si kwa kung'ara. Nikapewa zahanati ndogo kando ya barabara ya Mbeya, na mke wangu akaja na watoto.

Asubuhi ya kwanza nilivaa koti jeupe, nikafungua mlango. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi na mtoto anayelia, ameshika sikio.

"Daktari yuko wapi?" akaniuliza.

"Tabibu ni mimi, mama."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Haya, nitamsubiri."

Akasubiri kweli. Nilifagia, nikapanga chupa, nikazipanga tena, mtoto akilia muda wote na mimi nikiuma meno. Jua lilipokuwa kali alichoka, akamsukuma mtoto mbele yangu. Ndani ya sikio mlikuwa na punje ya hindi, imevimba. Niliitoa polepole, mkono ukiwa mtulivu kuliko nilivyotarajia, nikamwekea mama kiganjani.

Akaigeuza, akaitazama. "Kumbe," akasema, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.