Kioo cheusi siku moja kabla ya mazishi: nilivyoweka driver mbili za graphics kwenye Linux

Wakuu, salaam kwenu mlioko humu. Hili limenitokea mwenyewe na kosa lilikuwa langu, kwa hiyo sina sababu ya kulipamba.

Nina duka dogo la stationery hapa Katesh. Naprint, nalaminate, nasafisha picha za zamani. Kompyuta yangu ni desktop ya mtumba inayotumia Linux, na nilikuwa nimeiongezea graphics card, nayo ya mtumba.

Mwezi uliopita alikuja Mama Witness, mkulima wa Gehandu. Alikuwa amefiwa na mama yake mzazi. Nikamwamkia shikamoo, nikampa pole, akatoa bahasha.

Ndani picha moja tu. Marehemu hakupenda kupigwa picha, na hiyo yenyewe ilishalowa maji, shavu la kushoto limebanduka.

Nikaiscan. Tukakaa siku nzima, yeye kwenye kiti pembeni ananielekeza.

"Hapana, hapo alikuwa amebonyea kidogo."

Nafuta, narudia. Jioni akaisogelea skrini, akasema, "Sasa ni yeye."

Tukakubaliana aje kesho yake saa tisa alasiri kuichukua. Mazishi yalikuwa asubuhi inayofuata.

Kesho yake nilitaka tu kuongeza mwanga. Nikizoom, picha inakwamakwama. Nikasema kadi haina driver nzuri, yaani programu ya kuiendesha. Nikapakua ya kampuni kwenye site yao, nikaiinstall kwa mkono. Sikuona tofauti, nikaongeza na nyingine kupitia apt, amri ya Linux ya kuweka programu, juu ya ile ile. Restart.

Kioo cheusi. Kimstari kinapepesa kwenye kona, basi.

Nilizima na kuwasha mara tano. Katikati ya hayo Mama Witness akapiga simu kuuliza nimefikia wapi.

"Umeme umekata, mama," nikamjibu. Uongo mtupu.

Nikachukua flash ya kuinstall mfumo upya. Kabla sijaichomeka, nikampigia Daudi, niliyesoma naye, yuko Mbulu mjini, nikamsimulia yote.

"Ile picha ulisave?" akaniuliza.

"Nilisave."

"Basi ipo. Kilichogoma ni kuonyesha tu, disk ni nzima. Usiformat."

Akaniambia nibonyeze Ctrl+Alt+F3. Ikaja skrini ya maandishi matupu, nikaweka jina na password. Cha kwanza tulichofanya ni kukopi picha kwenye flash nyingine.

Kisha akawa ananisomea amri moja moja kwa simu. Tukaiondoa driver ya mkono kwa uninstaller yake, halafu ile ya pili kwa apt purge. Restart.

Desktop ikarudi, ila imevimba, resolution ya chini kabisa. Kumbe ile installer ya mkono ilikuwa imeacha kifaili ndani ya /etc/modprobe.d kinachoizuia driver huria ya Linux, ile inayokuja na mfumo wenyewe, isiwake. Tukakitafuta, tukakifuta, nikarun update-initramfs -u ili mabadiliko yashike mfumo unapowaka, restart tena. Safi. Zoom bado inakwama kidogo, wacha ikwame.

Saa tisa Mama Witness akaja. Nikampa picha ikiwa kwenye fremu, nikamweleza ukweli wote na kumwomba radhi.

Aliitazama kwanza picha. Ndipo akasema, "Nilijua umeme upo. Wakati nakupigia nilikuwa duka la ng'ambo ya barabara, nanunua vitambaa, nakuona umeshika kichwa. Nikasema huyu mwanangu ana shida, nimwache afanye kazi."

Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Nilichojifunza: driver ya graphics iwe moja, itoke sehemu moja, na ukitaka kuweka nyingine ondoa kwanza iliyopo. Siku una kazi ya mtu, usiguse mfumo kabisa. Ukikwama, mwambie mteja ukweli mapema, maana kuna watu wana subira kuliko tunavyowadhania.

Wenye kadi za zamani kama yangu, mmebaki na driver huria au mna njia nyingine? Na aliyewahi kumdanganya mteja kwa woga, naye aseme hapa chini yalimkuta yapi.