Kurasa Zilizoshonwa

Tangu mama yake afariki, mwanafunzi mmoja alikuwa akianza kila riwaya ya vijana kwa kurasa za mwisho. Akigundua kuna mama aliyekufa, alikirudisha kitabu maktaba siku hiyo hiyo.

Mwalimu alipowaagiza waandike maoni yao juu ya riwaya moja, bibi yake, mshona nguo asiyejua a wala be, alizishona kurasa za mwisho kwa uzi mwekundu.

"Bibi, umeharibu kitabu cha watu."

"Nimekipiga bandi tu, mshono wa muda, nitafumua. Pitia mlangoni, mjukuu wangu. Wewe kila siku unaingilia dirishani kama mwizi wa kuku."

Akasoma amenuna, mdomo karibu uguse karatasi. Sura ya tano, mama wa msichana akafa. Alilia, kisha akaandika daftarini: "Mama amekufa sura ya tano. Kitabu kina sura kumi na saba." Akataka kujua yule msichana aliishije sura zote hizo, akaendelea.

Alipofika kwenye uzi, akampa bibi mkasi. Bibi akafumua taratibu.

"Sasa soma kwa sauti," alisema. "Siku uliyofiwa na mama yako, na mimi nilifiwa na mwanangu."