Mtani Wangu Alinizika Ndundu

Kanta iliyotupeleka kwenye ubingwa, lori dogo la mizigo, ilikuwa imebeba dagaa. Gari la chuo lilikuwa juu ya mawe, limevuliwa magurudumu, na wanafunzi wa ufundi magari walikuwa wanajifunzia humo, kila mmoja anafungua nati yake na hakuna anayekumbuka pa kuirudisha. Kwa hiyo mwalimu wetu wa michezo, ambaye ndiye huyohuyo mwalimu wa magari, alikwenda stendi ya Kibiti alfajiri akaongea na dereva aliyekuwa anatoka Nyamisati na mzigo wake, anaelekea Ikwiriri. Baiskeli zikapangwa juu ya magunia, sie tukapangwa juu ya baiskeli, mwalimu akapanda mbele kwa sababu yeye ndiye mwenye filimbi.

Tulikuwa wanne, timu ya baiskeli ya chuo. Kapteni ni fundi seremala kutoka Mbwara, mtu wa maneno machache kiasi kwamba ukimuuliza saa anakuonyesha mkono. Wa pili ni mrefu mmoja wa umeme, ana miguu mirefu mpaka akikanyaga pedali magoti yanampita masikio. Wa tatu mie, nasomea uchomeleaji. Chuo chetu ni cha ufundi, kinachukua mpaka sisi wa darasa la saba, na darasa la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu walimu walishachoka kuniona. Wa nne ni dada wa ushonaji, na huyu ndiye habari yenyewe.

Mie Mndengereko, yeye Msukuma. Huku kwetu hilo likishajulikana hakuna haja ya kutambulishana zaidi, sie ni watani. Unamtania mtani wako kwao na kwa mjomba wake, unamvua kofia kichwani ukaondoka nayo, na yeye haruhusiwi kununa, mpaka akukomboe, yaani akupe kitu kidogo umrudishie chake, au akuvizie naye akutende. Kwao walikuja na ng'ombe wakati yeye mdogo, wakajenga boma ndani huko, ng'ambo ya msitu, ambako mvua ikinyesha bodaboda anakwambia shuka tuagane hapa.

Tangu aingie chuoni nilikuwa sijampumzisha. Nilimwambia baiskeli haiswagwi kwa fimbo. Nilimwambia akifunga breki asipige mluzi, hiyo siyo ndama. Nilimuuliza kama wakati wa kuolewa ataenda yeye au ataenda ng'ombe mmoja kwa niaba. Yeye alikuwa anacheka kwa pua, anaendelea na uzi wake. Miezi yote hiyo hakunijibu hata mara moja, na mie nikajua nimeshinda. Niliona huruma hata, nikasema Wasukuma siku hizi wamepungukiwa.

Sasa asubuhi ile juu ya magunia, kanta inatoka Kibiti, upepo unatupiga dagaa usoni, nikaanza. Sijafika popote akanigeukia.

"Mtani, leo niache kidogo. Baiskeli hii ikichukuliwa, mimi narudi kwa ng'ombe."

Alikuwa hatanii. Mwaka wa nyuma timu ya chuo ilishika mkia, na mkuu wa chuo alituita ofisini akasema mwaka huu tukirudi bila kikombe, cha namna yoyote, hata kiwe cha chai, baiskeli zinakusanywa wanapewa walinzi. Kwa sie watatu hiyo ilikuwa hasara ya kukosa safari. Kwake ilikuwa chuo chenyewe. Hosteli ya wasichana hakuna, kutoka bomani mpaka darasani kwa miguu hakufiki mtu, na baba yake alishatamka wazi, usafiri ukiisha na cherehani imeisha. Baiskeli ya timu ndiyo iliyokuwa inamleta Kibiti kila asubuhi.

Nikanyamaza mpaka tukaona nyumba za Ikwiriri. Waliokuwepo watakwambia hiyo ilikuwa rekodi kabla hata mashindano hayajaanza.

Tuliposhuka, watu walitukwepa. Magunia mawili yalikuwa yamepasuka chini yetu na fulana za timu, nyeupe, zilikuwa zimeloa harufu mpaka ndani. Timu ya chuo cha mjini ilikuwa imefika jana yake na basi dogo, wana baiskeli nyembamba, wana kofia ngumu, wana chupa za maji zenye mdomo wa kunyonya kama watoto. Mmoja wao aliuliza kwa upole kabisa kama sisi ndio tumeleta kitoweo. Nikamwambia ndiyo, na wao ndio tutakaowaunga.

Mwalimu akatukusanya kutukumbusha taratibu. Kutoka stendi ya Ikwiriri, mnavuka daraja la Mkapa, mnapita Ndundu ng'ambo, mnapanda mwinuko mpaka kwenye kituo cha kugeuzia, mnarudi. Muda wa timu ni muda wa yule wa mwisho kuvuka mstari, na lazima avuke na baiskeli yenye namba yake. Akalirudia hilo la wa mwisho akiwa ananiangalia mie.

Basi, tukaondoka. Sitakudanganya, tulikimbia. Sie sio watu wa mashindano lakini ni watu wa mizigo. Kapteni alikuwa anabeba mbao, mrefu alikuwa anabeba mikungu ya ndizi, mie nimebeba mkaa mpaka mgongo ukasahau rangi yake. Ukimpa mtu wa namna hiyo baiskeli iliyong'olewa keria, haina kitu nyuma, anajiona anapaa. Mtani ndiye aliyekuwa mbele yetu, kifua chini, kilemba kimekazwa, hageuki. Kwenye daraja upepo wa mto ulitupiga ubavu lakini tulikuwa tumebanana, na tukapanda ule mwinuko na watatu wa mjini wanaonekana pale mbele. Wa nne wao, yule aliyeuliza kitoweo, tulishamwacha nyuma anahema. Wenzie walimkimbia bila hata kugeuza shingo.

Tukageuza. Kurudi ni mteremko. Na mie, kwa kuwa mteremko haudai kitu, nikaona nafasi ya kusimama kwenye pedali na kuwapungia watu. Tulipofika chini, karibu na Ndundu, daraja linaonekana, msuli wa mguu wa kulia ukanikamata. Siyo kuuma. Kukamata, kama mtu kashika kamba ndani ya mguu anavuta punda. Nikaenda nao pembeni ya barabara, baiskeli ikalala kule, mie nikalala huku, mbele ya meza ya mama mmoja muuza samaki wa kukaanga.

Wenzangu wakarudi. Kapteni akapiga goti, akashika unyayo wangu akaanza kuusukuma kuelekea kwangu. Nilipiga kelele ambazo sitaziandika. Nikawaambia waende, mie nimekwisha, na wote wanne tulijua hakuna kwenda, kwa sababu wakivuka watatu ni sawa na hakuna aliyevuka. Watu wakaanza kujaa, wauza machungwa, wauza korosho, wanafunzi. Mrefu wa umeme akashika kichwa. Niliuona uso wa mtani. Alikuwa anaangalia barabara, kisha baiskeli yake, kisha mie.

Halafu akashusha pumzi, akalegeza kilemba, akawageukia wale watu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Jamani wenyeji, poleni na msiba. Mimi ndiye mtani wa marehemu."

Watu wa Ndundu hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Msibani kwetu mtani ana haki yake. Anakuja kuchekesha wafiwa, anavaa nguo za marehemu, anakaa njiani maiti isipite mpaka apewe chake. Yule mama wa samaki akafungua kanga yake ya juu akanitupia mwilini, akauliza kwa huzuni kubwa marehemu kafa na nini.

Mtani akasema kafa na kupungia watu. Akasema hawa Wandengereko ndivyo walivyo, akichoka mmoja wanaweka matanga, nyinyi wenyewe mnuseni, huyu kafa leo lakini harufu ni ya juzi. Watu wakaanguka, mbavu hawana. Kapteni anavuta mguu, mie nataka kulia na kicheko kinatoka. Muuza machungwa akauliza kaburi lichimbwe urefu gani. Akaambiwa fupi tu, miguu ikatwe ibaki nje iwe fundisho kwa wengine.

"Na mtani unadai nini kabla hatujamzika?" mama wa samaki akauliza.

"Viatu sitaki, ana miguu kama majembe. Akili hakuacha. Mdomo huo mchimbieni kaburi lake peke yake, mbali, maana hautalala na utawasumbua majirani. Mimi nachukua baiskeli."

Hapo katikati, yule wa nne wa mjini akatufikia. Akaona watu wamezunguka, mtu kafunikwa kanga, mama kashika shavu. Kijana wa watu akapunguza mwendo, akasimama kabisa, akavua ile kofia yake ngumu, akasema poleni sana. Mrefu wa umeme akamjibu kwa adabu kwamba tumeshapoa. Akasukuma taratibu kidogo kwa heshima, kisha akakanyaga akaenda darajani.

Nilikuwa nimecheka mpaka machozi, na katika kucheka mguu ukaachia, wala sikujua saa ngapi. Kapteni alijua. Akaupiga kofi, akasimama, akamtazama mtani, na mtani akapanda baiskeli yake, akaishika yangu usukani kwa mkono mmoja, akaondoka nazo zote mbili. Hivyo ndivyo wanavyofanya bomani kwao, wanaendesha moja wanaburuza nyingine. Namba yangu inaondoka.

Nikatupa kanga nikaanza kumkimbilia. Nyuma yangu wale wanafunzi wanapiga yowe kwamba maiti inakimbia, na maiti ilikuwa inakimbia kweli, inachechemea kwanza, halafu haichechemei. Nikamwambia mtani nirudishie. Akasema nikomboe. Nikamwambia nitakukomboa Ikwiriri. Akaiachia, nikairukia.

Darajani nilimkuta yule wa mjini yupo katikati, upepo unamyumbisha na kibaiskeli chake chembamba. Akageuza kichwa kunitazama nampita. Sijawahi kuona mtu akikosa rangi akiwa amekaa kwenye baiskeli.

"Si ulikufa wewe?"

"Nimesahau kitu," nikamwambia.

Ikabidi afunge breki apumue. Lakini alikuwa mwanamichezo, sitamnyima, maana tulipotoka darajani nikamsikia anakuja, mnyororo wake unalia nyuma yangu, na kutoka pale mpaka Ikwiriri ilikuwa mie na yeye. Wa mwisho wetu na wa mwisho wao. Wenzangu walikuwa mbele yangu wamepanga mstari wanikingie upepo, isipokuwa mtani. Yeye alijirudisha akawa ubavuni mwangu, na miezi yote aliyokuwa amenyamaza akaitoa njia nzima. Aliusema ukoo wangu. Aliniuliza kama huko ahera wana pancha. Alisema hata ng'ombe wa kwao aliyezaa pacha jana angekuwa ameshafika, na angekuwa amefika na pacha. Kila nikitaka kulegeza ananizika upya, na mie sikubali kuzikwa na Msukuma mbele za watu wa mjini. Nikakanyaga.

Mstarini niliwaona wale watatu wa mjini wamesimama na soda zao, wameshafika zamani, hawafurahi. Wanaangalia barabara. Wanapiga kelele kumwita mwenzao, na kabla yake tukatokea sie, kapteni, mrefu, mtani na mie, tukavuka. Mwenzao akavuka nyuma ya tairi langu, karibu kiasi kwamba nilisikia anavyohema. Waamuzi wakainama pamoja. Waliponyanyuka wakataja chuo chetu, wa kwanza, na mwalimu wetu, aliyekuwa na filimbi mdomoni, akataka kushangilia ikatoka filimbi.

Alimpigia mkuu wa chuo palepale, akaweka sauti ya juu tusikie. Mkuu akaanza kutupa pole. Mwalimu akamwambia kikombe kipo, kikubwa, kina masikio mawili. Mkuu akauliza tumemwibia nani. Alipoelewa akacheka, akasema baiskeli zibaki kwa waendeshaji, neno lake ni hilo. Nilimtazama mtani. Alikuwa amekaa chini kwenye mchanga, kaegemeza kichwa kwenye gurudumu la baiskeli yake, analia na kucheka kwa pua kama kawaida yake. Kapteni akamwambia hongera. Hilo lilikuwa neno lake la siku ile.

Jioni kanta ilitushusha Kibiti, safari hii tupu, ila dagaa tulibaki nao kwenye nguo. Tulimshushia mtani baiskeli yake kwanza. Mwalimu akamwuliza kama haoni bora alale Kibiti kwa familia yake mwalimu, amechoka. Akasema baba anasubiri habari, na hii habari haipigwi kwa simu. Kabla hajapanda nikamkumbusha kwamba sijamkomboa. Nikatoa chupa ya maji yenye mdomo wa kunyonya, ambayo yule wa mjini alinipa mwenyewe kwa mkono wake, akisema hajawahi kushindwa na mtu wa aina yangu. Mtani akaikagua, akainusa, akasema inanuka marehemu lakini ataichukua.

Akaingia njia ya vumbi, kifua chini, kwa mwendo uleule wa mashindano kana kwamba hakuna kilichotokea. Asubuhi nilipofika chuoni mlango wa ushonaji ulikuwa wazi, baiskeli yenye vumbi jekundu imeegeshwa ukutani, na cherehani moja ilikuwa inalia.