Mdogo Wangu Kaniomba Radhi kwa Jicho Nililomtoa Mimi

Admin, jina langu lisionekane popote, huku tunajuana hadi kikohozi. Nina miaka thelathini na sita, nina mke na watoto watatu, naishi Wambaa, Pemba. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nimeshavunja milango, nimeshampiga mtu msibani. Kwa hiyo mnaotaka kutukana, tukaneni mumalize, halafu mnisaidie.

Mimi na mdogo wangu, nimwite Hamadi, ana miaka ishirini na saba, tulijenga boti ya faiba uani kwa mama, mwaka mzima na zaidi. Tulitaka boti ya mbio, ya wageni na wagonjwa, si ya kuburura nyavu. Mkubwa mimi, amri zangu. Siku ya kukata ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine, Hamadi alikuja na tepu ya kupimia. Nikamnyang'anya, nikairusha kichakani. Nikamwambia, "Marehemu baba kaunda vyombo maisha yake yote, hakushika tepu. Kata shibiri mbili na nusu, usinipotezee wakati." Akacheka, akatandaza mkono ubaoni, gumba hadi kidole cha mwisho, akapima, akakata. Mimi nilikuwa nachanganya dawa ya faiba, wala sikugeuka kutazama.

Siku ya kuijaribu kijiji kizima kilikuwa pwani. Mama katufukizia ubani, katusomea dua. Nimeshika mashine, Hamadi kakaa mbele na simu inayosoma spidi. Nikafungua mafuta yote. Mashine ikalia kama inachinjwa, povu jeupe nyuma, na boti haiendi! Hamadi akapiga kelele, "Kilomita kumi na nne tu, kaka!" Sisi tulitarajia arubaini. Tukapita tena mbele ya watu, mambo yale yale. Jamaa mmoja akapaza sauti, "Yakhe, hiyo boti au mashine ya kukobolea mpunga?" Pwani yote ikaangua kicheko. Wallahi nilihisi kichwa kinachemka. Nikaielekeza boti nje, mbali na midomo yao, nikajaribu mara ya tatu. Ikawa vile vile.

Hamadi akaja nyuma, akaitazama mashine, akasema taratibu, "Naona imekaa juu sana. Propela inavuta hewa." Nikamuuliza, "Ubao kakata nani?" Akasema, "Mimi." Basi. Spana kubwa ilikuwa miguuni pangu. Ya kwanza nilimpiga begani. Akasema, "Kaka, tutarekebisha!" Ya pili mdomoni, nikaona meno yanatoka. Ya tatu akageuza uso, ikaingia jichoni. Ule mlio bado nausikia. Hata hapo sikuacha, nilimpiga mateke mpaka akaangukia majini. Maji yalipobadilika rangi ndipo akili ikarudi, nikaruka nikamtoa. Kwa umbali ule, watu wa pwani walichokiona ni mimi kuruka tu.

Hospitali jicho la kushoto likatolewa. Daktari alipomuuliza, Hamadi akajibu kwa mdomo ulioshonwa, "Wimbi lilitupiga, nikaangukia mashine. Kaka ndiye kaniokoa." Polisi nao akawaambia hivyo hivyo. Sasa nikipita njiani wazee wananishika mkono, wananipongeza. Mama kila akimaliza kusali ananiombea dua mimi. Mimi, jamani!

Wiki ya pili nikaenda peke yangu kuupunguza ule ubao. Upande wa ndani, ambao tulikuwa hatujaupaka rangi, nikakuta alama za penseli za Hamadi: shibiri ya kwanza, ya pili, na nusu yake. Nikatandaza mkono wangu kwenye alama ya kwanza, haukufika. Hamumjui Hamadi, ni mrefu, vidole vyake virefu, mimi mkono wangu mfupi. Alikata kile kile nilichomwamrisha, kwa mkono aliopewa na Mungu, na tepu nimeitupa mimi. Ubao ulizidi vidole vinne. Nikaukata, nikaiteremsha mashine, nikaingia baharini mwenyewe. Boti ikanyanyua pua, simu ikasoma arubaini na tatu. Mafuta nimefungua yote huku nalia.

Hamadi karudi nyumbani. Juzi kanifuata uani, anapapasa ukuta kwa sababu jicho moja hajalizoea, akaniambia, "Nasikia sasa inakwenda. Nisamehe kaka, nilikata vibaya, nikakuaibisha mbele za watu." Akanishika mkono akaubusu. Na mimi, mbwa mimi, nikamjibu, "Nimekusamehe, yashapita."

 Nikimwambia ukweli, atajua jicho lake limekwenda kwa kosa langu, na akienda polisi ana haki. Mama naye ana presha, sijui kama ataihimili habari hii. Nikinyamaza, mdogo wangu ataishi na jicho moja akiamini alistahili kipigo kile. Mke wangu sijamwambia, nyinyi ndio wa kwanza kujua.

Sasa kaniomba kitu. Kesho asubuhi anataka nimpeleke baharini aione boti inavyokimbia, tuwe wawili tu, yeye akae pale pale mbele ashike simu. Nimekubali. Jamani, nimwambie huko huko majini, nianze kwa mama, au nijipeleke polisi kabla hajapanda? Nipeni la kufanya, kunakaribia kucha.